Mwaenda Kutembea kwa Nani?

Mwaka ukifika ukingoni, kila mtu hufanya hesabu yake. Mkulima huhesabu magunia, mwenye duka huhesabu mali iliyobaki rafuni, na mwalimu huhesabu wanafunzi waliofaulu na walioshindwa. Sisi nasi mwishoni mwa mwaka uliopita tulifanya hesabu ya namna nyingine, ambayo hatukuizoea: tulihesabu siku zetu za mapumziko. Tulitwaa daftari, tukaandika Jumamosi kwa Jumamosi na likizo kwa likizo: tulikwenda wapi, tulifuatana na nani, tuliingia nyumba ya nani. Katika hesabu hiyo likazuka swali ambalo twapenda kuliweka mbele ya wasomaji, hasa walimu wenzetu. Siku ambayo mtu hana kazi ya mwajiri wake ni mali ya nani? Je, ni yake peke yake, aitumie apendavyo, au wako na wengine wenye haki ndani yake?

Wakaao Morogoro wajua jinsi milima ya Uluguru ilivyosimama nyuma ya mji kama ukuta. Kilele cha Lupanga, kilichopita mita 2,100 juu ya bahari, huvaa mawingu asubuhi na kuyavua mchana. Mbali upande wa kusini kuna Lukwangule, uwanda wa juu wenye majani na baridi, na kilele cha Kimhandu kinachopita mita 2,600. Katika misitu hiyo, ambayo tangu mwaka 2008 imewekwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, wako ndege wasioonekana mahali pengine po pote duniani. Na humo hutoka maji ya mto Ruvu, yanywewayo mpaka Dar es Salaam. Basi si ajabu mtu mwenye miguu mizima na marafiki wachangamfu akiitazama milima hiyo kutoka dirisha la darasa na kutamani kuipanda.

Sisi tulikuwa walimu watano. Mmoja ni mzaliwa wa Bukoba, wengine wametoka Tanga na Dodoma, na sisi wenyewe tu Waluguru wa upande wa Mgeta. Mwezi wa Januari tulipatana kwamba kila mwezi, mvua isipotuzuia, tutafanya safari moja ya miguu. Twakiri kwamba safari hizo zilitufaa sana. Mwalimu aliyekaa juma zima katika vumbi la chaki hupona akivuta hewa ya msituni, na watu waliosaidiana kuvuka kijito huzoeana upesi kuliko waliokaa pamoja chumba cha walimu miaka mitatu. Aristoteli, mwenye hekima wa Uyunani, alitaja methali ya watu wake kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Chumvi hiyo tuliila juu ya mawe, pamoja na mihogo ya kuchemsha, na urafiki wetu haukuwa wa maneno matupu.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa kwenda Morningside, penye ile nyumba ya kale iliyojengwa zamani za Wadachi. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri ili jua lisitukute njiani. Hatujafika mbali tukakutana na mama mmoja wa makamo akiteremka na tenga la ndizi kichwani, akienda sokoni mjini. Tukampisha njia, tukamwamkia. Akaitikia, akauliza, "Mwaenda wapi, walimu, na giza hili?"

Tukamjibu, "Twaenda kutembea, mama."

"Mwaenda kutembea kwa nani?"

Tukacheka, tukasema, "Si kwa mtu, mama. Twaenda mlimani tu."

Naye hakucheka. Akatutazama mmoja mmoja kama atafutaye kitu tunachomficha, kisha akasema, "Mlimani natoka mimi sasa hivi. Hakuna msiba wala ngoma." Akatutakia njia njema, akaenda zake, na tenga lake halikutikisika.

Siku ile tulilifanya neno lake kuwa mchezo, tukalirudia njia nzima. Lakini neno lililotolewa kwa moyo mweupe lina tabia ya kukaa. Maana mama yule hakukosea Kiswahili. Sisi ndio tuliokuwa tumekipunguza. Katika lugha yetu kutembea ni kwenda kwa miguu, na kutembea vile vile ni kwenda kumwona mtu. Twasema, "Fulani amekwenda kutembea kwa shangazi yake," ijapokuwa amepanda basi tangu mlangoni mpaka mlangoni. Wazee waliotuachia lugha hii waliona mwendo na ziara kuwa jambo moja. Miguu ikitoka nyumbani bila mzigo na bila kazi, basi yaenda kwa mtu.

Wala si sisi wa kwanza kuaibishwa na swali katika njia ya mlimani. Mwaka 1336 Petrarca, mshairi wa Italia, alipanda mlima Ventoux katika nchi ya Ufaransa, kwa hamu tu ya kuona yanayoonekana kutoka juu. Alipofika kileleni akafungua kitabu cha Augustino, yule askofu mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini, akaangukia mahali palipowakemea watu wanaosafiri ili kustaajabia milima mirefu na mawimbi ya bahari huku wakijisahau wenyewe. Petrarca akashikwa na haya, akateremka bila kusema neno mpaka chini. Yeye aliona kwamba ameisahau nafsi yake. Sisi tulikuwa na jambo jingine la kuonea haya, nalo lilitujia polepole.

Mwezi wa Februari tulichukua kibali, tukapanda Lupanga pamoja na kijana mwenyeji aliyetuongoza. Kupanda kulikwenda vema, ila tulikawia kileleni kwa kupiga picha, na kosa hilo lilikuwa letu, si la mwongozi, ambaye alitusihi mara mbili tuondoke. Katika kuteremka mwenzetu wa Bukoba alikanyaga mzizi uliolowa, akaanguka, kifundo cha mguu kikavimba hata asiweze kukanyaga. Giza likatukuta ndani ya msitu. Kijana akatuacha, akakimbia mpaka kitongoji kilicho chini ya msitu, akarudi na baba yake na wanaume wawili wenye tochi, miti miwili na blanketi. Wakafanya machela, wakambeba mwenzetu mahali ambapo sisi wenye mikono mitupu tulikuwa tukiteleza. Usiku ule tulilala katika nyumba ya baba yule. Mkewe alituletea ugali na mboga, akamkanda mwenzetu mguu kwa maji ya moto. Watoto wakahamia kwa jirani ili sisi tupate kitanda. Asubuhi tulipotaka kutoa fedha mzee alikataa, akasema, "Siku nyingine mje kututembelea." Tukaahidi kwa kauli moja. Kisha masika ikanyesha, mitihani ikaja, na ahadi ile ikalala.

Mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, tulikwenda mbali zaidi. Tulipanda basi la Mgeta, tukapita Mlali, tukaanza kuzunguka kona za mlima mpaka penye mashamba ya kabichi na karoti. Kesho yake tukashika njia ya Lukwangule. Sasa twaomba msomaji asikilize vema, maana hapa ndipo penye kisa chetu. Njia ile hupita ukingoni juu ya kijiji alichozaliwa mama yetu mzazi. Ukisimama ukingoni waona bati la nyumba ya bibi yetu, na moshi wa jiko lake, na migomba yake. Kushuka kwake ni mwendo wa nusu saa tu. Nasi hatukushuka. Tulijiambia kwamba wenzetu watachelewa, na tutashuka siku ya kurudi. Na siku ya kurudi tulishika njia nyingine.

Twajua sababu ya kweli, wala haifai kuificha. Hatukuwa na kitu mkononi. Mshahara ulikuwa umekwisha, na kwetu ni aibu mjukuu mwenye kazi ya mjini aingie kwa bibi bila sukari wala kanga. Tena tuliogopa kwamba akijua tumefika, watakuja na wengine: binamu mwenye mtoto wa kulipiwa shule, jirani aliyeuguliwa, mjomba mwenye shauri la shamba. Juu ya mlima hakuna akuombaye kitu. Mti hauulizi habari za mshahara. Ndiyo maana mlima hupendeza, na ndiyo maana wengi wetu tuliosoma twapenda kutembea mahali ambapo hakuna mtu.

Juma mbili zilipopita mjomba alitupigia simu, akasema kwa kifupi, "Bibi yako ana neno nawe." Msomaji asiye Mluguru na afahamu kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba akikuita huulizi sababu. Jumamosi ile ile tukaenda.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua mahindi. Tukapiga magoti tukamwamkia, akaitikia vema, akatukaribisha kigoda, akaendelea na mahindi yake. Baadaye akasema, "Mume wangu," maana ndivyo bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "mwezi uliopita niliona watu watano ukingoni. Wa tatu alitembea kama marehemu babu yako, bega moja mbele. Nikamwambia mtoto, ongeza maji jikoni, mume wangu anakuja. Tukangoja mpaka chai ikapoa."

Hatukuwa na la kusema. Tukaanza kueleza habari ya wenzetu, ya saa, ya njia. Mwisho tukasema kweli, kwamba tuliona haya kuja mikono mitupu.

Akatutazama kwa mshangao. "Sukari yauzwa pale dukani," akasema. "Wewe huuzwi."

Basi. Hakutukemea zaidi ya hapo. Alituuliza habari za mguu wa yule mwenzetu, maana mjomba alikuwa amemsimulia, akatufungia magimbi ya kumpelekea.

Wako watakaosema kwamba hadithi hii ni ya huruma tu wala haithibitishi neno. Nasi tulibishana na wenzetu juu yake njiani na nyumbani, kwa hiyo twajua hoja zao. Wa kwanza husema: Siku za kazi ni za mwajiri, siku za ibada ni za Mungu, ukiwapa na jamaa siku iliyobaki, mtu atapumzika lini? Wa pili husema: Leo iko simu. Fedha zafika kijijini kwa dakika moja, na salamu vile vile. Ziara imekuwa nauli ya bure. Wa tatu husema: Ziara yenyewe si tamu siku zote. Wako wageni wasiojua kuondoka, wala wahenga hawakusema bure kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Hoja hizi zina uzito, hasa ile ya kwanza. Mtu kunyang'anywa siku zake si jambo dogo. Bibi yetu alikuwa msichana wakati serikali ya Waingereza ilipowalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko, kwa kusema kwamba udongo utahifadhiwa. Watu walichimba kwa manung'uniko, mpaka mwaka 1955 wakakataa kwa ghasia, na mpango ule ukaachwa. Tulipomwuliza bibi habari hizo alisema kilichowachoma si jembe, kwa kuwa jembe walilizoea. "Walitutwalia siku zetu," alisema. Ikiwa ni hivyo, hatuwezi kusema kwamba jamaa ana haki ya kuziamuru siku za mtu kama serikali ile. Ziara ya kulazimishwa yaudhi pande zote mbili.

Lakini kati ya kulazimishwa na kuwa huru kabisa iko njia ya tatu, nayo tuliiona katika ardhi yenyewe. Kwa desturi ya Waluguru shamba ni la ukoo. Wakubwa hukupa kipande, wewe hukilima na kula mazao yake, wala hakuna akuulizaye kwa nini umepanda mahindi na si maharage. Ni chako kweli kweli. Walakini hukiuzi kama mtu auzavyo kuku wake. Na ukikiacha mpaka kikawa pori, utaitwa uulizwe, kwa sababu wako waliokilima kabla yako na wako watakaokihitaji baada yako. Twajua kwamba siku hizi desturi hiyo imelegea mahali pengi. Hata hivyo twaona kwamba siku ya mapumziko ni kama shamba lile. Ni yetu kuilima tupendavyo, na kicheko cha marafiki juu ya mawe ni mmoja wa mimea yake mizuri. Bali hatukuipata peke yetu. Miguu tuliyopandia Lupanga ililishwa na mtu tulipokuwa hatuwezi kutambaa, na akili iliyotupatia kazi yenye likizo ililipiwa na mtu aliyeuza ndizi zake. Atakaye kula siku zake zote peke yake, bila kuwabakizia hao hata moja, si mwizi mbele ya hakimu, lakini shamba lake limekuwa pori.

Kuhusu simu, hatuidharau. Fedha iliyotumwa hununua dawa kama ile iliyoletwa kwa mkono. Lakini bibi hakutambua mwendo wa babu katika simu. Yako mambo ambayo mtu hujulikana nayo kwa kuonekana tu, na mtu asiyeonekana miaka mingi hubaki jina katika orodha ya watumao fedha. Na kuhusu ugumu wa ziara, dawa yake imo ndani ya methali ile ile. Mgeni alipewa jembe siku ya tatu kwa sababu kuanzia hapo si mgeni tena.

Tulijaribu dawa hiyo. Mwezi wa Oktoba tulirudi katika kile kitongoji cha chini ya Lupanga, sote watano, tukaitimiza ahadi ya Februari. Mzee alicheka alipomwona mwenzetu wa Bukoba akipanda kwa miguu yake mwenyewe. Tulimsaidia kurudishia bati lililong'olewa na upepo, tukala, tukateremka kabla ya giza. Mwanzoni mwa Desemba, shule zilipofungwa, mvua za vuli zikinyesha na watu wakiwa mashambani, tulikwenda kwa bibi pamoja na marafiki zetu, tukalima siku mbili. Hatukuwa wakulima wa kusifiwa. Mwenzetu wa Dodoma, ambaye hakuzoea mteremko, alikuwa akilima kwa mkono mmoja na kushika mgomba kwa mwingine, na watoto walimcheka sana. Milima tuliiona vile vile, mizuri kama kawaida, ila safari hii tuliitazama kutoka chini, kama waitazamavyo wenyewe.

Jioni ya mwisho bibi alimgeukia mwenzetu wa Bukoba, akamwuliza, "Na mama yako, mwanangu, nani anamtembelea?" Yule ndugu, ambaye kati yetu ndiye mwenye maneno mengi, alikaa kimya. Sisi tulijua kwamba hajafika kwao tangu miaka minne, na kwamba hutuma fedha kila mwezi bila kukosa. Tulikuwa tumepanga kumaliza mwaka kwa safari moja zaidi ya mlimani. Tuliporudi mjini alitwaa fungu lake la fedha za safari ile, akaongeza na nyingine, akakata tikiti ya basi la Bukoba. Hatukumwuliza neno. Aliporudi mwezi wa Januari alituambia kwamba mama yake haoni tena vizuri, na kwamba alimjua kwa sauti.

Basi hiyo ndiyo hesabu yetu. Hatusemi kwamba mwalimu asipande mlima kwa furaha. Mwaka huu tutapanda tena, Mungu akitujalia. Twasema tu kwamba kila tushikapo fimbo na mfuko, na tujiulize lile swali tuliloulizwa gizani. Na siku jibu likiwa "si kwa mtu," iwe siku moja kati ya siku, isiwe zote.

Tena katika daftari letu umebaki mstari mmoja mtupu. Mama yule wa ndizi tulikutana naye mara sita au saba mwaka mzima katika njia ile ile, sisi tukipanda na yeye akiteremka, tukaamkiana na kupishana. Hatujui jina lake, wala nyumba yake hatuijui. Tukimwona tena, tutamwuliza.